Buibui Aliyechelewesha Ghorofa

Vijana wangu, mmeniomba kwenye kundi lenu la simu niwaeleze maisha ya kupiga filamu za wanyama, na najua mnachongojea. Mnangojea simba. Mmoja wenu ameuliza hata kama niliwahi kufukuzwa na kifaru. Poleni sana. Katika miaka yangu yote ya kazi, mwindaji mkali kuliko wote niliyemkaribia alikuwa na ukubwa wa punje ya mahindi, na hakunifukuza kwa sababu yeye hafukuzi mtu. Anakaa. Kama hilo limewavunja moyo, mlango uko wazi. Mnaobaki, sogeeni mbele.

Mimi ndiye Mutua, yule mzee wa Dagoretti anayewapigia kelele mshushe simu mnapovuka barabara. Kabla ya kustaafu nilikuwa msaidizi wa kamera katika kampuni ndogo iliyokodi nyumba huku upande wa magharibi wa jiji. Msaidizi wa kamera, kwa wale mnaodhani ni cheo, ni punda mwenye adabu. Unabeba betri, unabeba stendi, unashika mwavuli ili upepo usitikise ua, unashika kioo cha kurudisha mwanga, na hukohoi. Hasa hukohoi. Wenzetu wengine walienda mbuga ya Mara, wakalala kwenye mahema na kurudi wamechomwa na jua kama watu wa maana. Mimi nilikuwa nalala kifudifudi kwenye bustani za watu Loresho na Lavington, na wapita njia wakiuliza askari wa getini kama yule mzee amezimia.

Aliyeshika kamera yenyewe alikuwa Auma, mama mrefu, mwembamba, mzaliwa wa Siaya, mwenye sauti ya mwalimu wa hesabu. Nilimwita Madam tangu siku ya kwanza mpaka ya mwisho. Yeye aliniita Mutua nilipofanya vizuri, na Bwana Mutua nilipoharibu. Kwa muda mrefu sana nilikuwa Bwana Mutua.

Wadudu na jamaa zao ndio waliokuwa riziki yetu, na kati yao Auma alimpenda mmoja kuliko wote: buibui kaa. Anaitwa hivyo kwa sababu ya miguu yake. Minne ya mbele ni mirefu, ameikunjua kama shangazi anayekusubiri umkumbatie, na akitembea anakwenda kiupandeupande au kinyumenyume, kama kaa wa ufukweni. Hatandi utando wa kunasa kitu. Ana uzi, ndiyo, lakini ni wa kushukia akishtuka, na wa kushonea mambo yake ya nyumbani. Chakula chake anakikamata kwa mikono mitupu, akiwa amekaa juu ya ua, mweupe kwenye ua jeupe, na wewe unanusa ua hilohilo ukisema linapendeza.

Siku yangu ya kwanza Auma alinipeleka kwenye tuta la maua meupe pale Loresho. Akasema, "Nitafutie buibui."

Nikatafuta kama ambavyo nyinyi mngetafuta, yaani vibaya. Nikaangalia kila ua, juu, chini, katikati. Mgongo ukaniuma. Nikarudi nikamwambia, "Madam, hapa hakuna kitu."

"Wapo wengi," akasema bila kuinua macho kwenye lenzi. "Mmoja amekuangalia muda wote. Nadhani amekuonea huruma."

Ndipo aliponifundisha, na hii iandikeni mahali: usimtafute buibui. Mtafute nyuki asiyeondoka. Nyuki ana haraka kuliko mtu wa Nairobi mwisho wa mwezi. Anagusa ua, anachukua chake, anaenda. Ukiona nyuki amekaa tu, kichwa kimelala upande, mabawa hayatikisiki, huyo hapumziki. Huyo ameshikwa. Ni hivyohivyo na kipepeo. Nilimwona mmoja siku hiyo, mzuri ajabu, amekunjua mabawa. Nikanyoosha kidole nikitarajia aruke. Hakuruka. Nikamgusa, akainama kama karatasi. Chini ya bawa lake alikuwa amekaa bibi mweupe mwenye tumbo la pembe mbili, na mdomo wake ulikuwa nyuma ya kichwa cha kipepeo.

"Haya," Auma akasema. "Mmeshatambulishana."

Pale nyuma ya kichwa ndipo anapopatafuta kila mara, kwenye shingo. Nyuki ana mwiba, na buibui huyu ni mdogo kuliko nyuki, mara nyingine mara mbili. Akikosea mahali pa kuuma, yeye ndiye anayekufa. Kwa hiyo hana pupa. Nyuki akitua, buibui hatikisiki. Nyuki akisogea, buibui anageuka taratibu, kama mtu anayegeuza kiti kumfuata mgeni kwa macho. Nyuki akiingiza kichwa kwenye ua kunywa, ile miguu minne inafunga. Hakuna mbio. Anamshika, anamuuma shingoni, na sumu inafanya kazi kabla hujamaliza kusema neno "sumu". Halafu anamnywa. Hamtafuni, hamviringishi kwa uzi kama buibui wengine. Anamnywa kupitia tundu dogo mpaka ndani kunakauka, kisha anamwachia aanguke akiwa mzima kwa nje. Chini ya ua lenye buibui utakuta nyuki wazimawazima ambao ukiwapuliza wanapeperuka kama maganda ya njugu.

Na binadamu je? Hamfanyi kitu. Nimembeba kiganjani mara nyingi. Meno yake hayakujaliwa kupenya ngozi ya mtu anayebeba stendi.

Ugumu uko kwenye kusubiri. Kwenye video zenu mnaona anakamata, mnasogeza kidole, mnaona anakamata tena, mnadhani kazi yake ni rahisi. Nyuki wengi hugusa ua wakaondoka. Wengine hutua upande usiofaa. Wengine hushtuka. Asubuhi nzima unaweza kukaa, na buibui amekaa, na Auma amekaa, na wa pekee anayehangaika ni wewe. Mara ya kwanza kabisa nyuki alipotua vizuri, mahali penyewe, mwanga wenyewe, upepo umetulia, nilipiga chafya. Auma alizima kamera, akaifuta lenzi, akaniambia kwa upole mkubwa, "Bwana Mutua, ubarikiwe."

Kisha kuna lile jambo la wizi. Tulikuwa na buibui jike mweupe kwenye waridi jeupe kwa bibi mmoja Lavington, tukamrekodi vizuri. Auma akataka kumwona akihamia kwenye maua ya njano yaliyokuwa karibu, na buibui mwenyewe akahamia, labda kwa sababu waridi lilikuwa linanyauka. Mvua ikatuzuia. Tuliporudi baada ya siku kadhaa, mimi nilitangulia kuingia. Nikaangalia kwenye maua ya njano: hayupo. Palikuwa na buibui mwingine, wa njano kabisa kama mahindi ya kuchemsha, amekaa mahali pa yule wetu. Nikampigia Auma simu, roho juu.

"Madam, buibui ameibiwa."

"Ameibiwa na nani?"

"Sijui, lakini wamebadilisha. Wameweka wa njano."

Wakati huo mimi nilikuwa nimeshamhoji askari wa getini, mzee wa watu, nikamuuliza ni nani aliyeingia na kutoka. Maskini alikuwa ameanza kunitajia fundi wa bomba. Auma alipofika alicheka mpaka akashika ukuta. Buibui ni yuleyule. Akikaa kwenye ua la njano, mwilini mwake huingia rangi ya njano polepole, siku baada ya siku, na akirudi kwenye jeupe huirudisha. Nilimwomba yule askari msamaha. Fundi wa bomba, nasikia, hakuitwa tena nyumba ile, na hilo bado linanisumbua kidogo.

Na dume? Ah, dume. Vijana wa kiume, someni hapa mkiwa mmekaa. Dume la buibui kaa ni dogo kiasi kwamba nilipoliona mgongoni mwa jike nikasema, "Madam, amebeba mtoto." Auma akasema, "Huyo ndiye baba." Amekonda, rangi imemwishia kwenye kahawia, anatafuta jike ua kwa ua akifuata nyuzi. Akimpata anampanda mgongoni na kukaa huko, ambako mdomo haufiki, akijifanya ni sehemu ya ua. Hana gari, hana ploti, hana maneno mengi. Ana subira tu na mahali salama pa kukaa. Nimewaona baadhi yenu mkituma ujumbe saa zote mkilalamika hamjajibiwa. Basi.

Lakini niliwaahidi ghorofa, na ghorofa ilikuwa Westlands.

Palikuwa na nyumba moja ya zamani ya vigae, yenye bustani kubwa, imezungukwa na majengo ya vioo pande tatu. Mwenyewe alikuwa ameturuhusu kufanya kazi pale. Auma alikuwa akitengeneza filamu ya bustani za Nairobi, na tulikuwa tumeshapata kila kitu cha buibui kaa isipokuwa mwisho wake: mama na mayai. Jike akishiba vya kutosha huacha ua, anashuka kwenye jani, analikunja ncha yake na kulishona kwa uzi, anataga ndani, kisha anakaa juu ya jani hilo kulilinda. Tangu hapo ni kama hawindi tena. Tumbo lililokuwa limejaa linasinyaa. Yeye anakaa tu, amelikumbatia lile pindo la jani, na sisimizi akipita anamwonyesha mikono.

Tulimpata mmoja kwenye mti wa waridi jeupe nyuma ya nyumba ile. Auma alifurahi kimyakimya, kwa jinsi yake. Alinunua chai ya watu wawili badala ya mmoja. Juma lililofuata tukafika tukakuta geti limeng'olewa, paa limeondolewa, na tingatinga la kuchimba limesimama mahali palipokuwa na sebule. Mwenyewe alikuwa ameuza.

Msimamizi wa mjengo alikuwa jamaa mnene kiasi, wa Bungoma, jina lake Wafula. Alitutazama na stendi zetu kama watu waliopotea njia ya harusi.

"Nyinyi ni watu wa nini?"

"Wa kamera," Auma akasema. "Tuna kazi kwenye lile waridi pale nyuma."

"Madam, hiyo waridi inaenda. Kila kitu hapa inaenda. Hapa kunakuja ghorofa."

"Naelewa. Lakini kuna mama amelalia mayai."

Wafula akaangalia juu ya miti kutafuta ndege. Auma akamshika mkono wa shati, akampeleka mpaka kwenye mti, akamwonyesha. Wafula akainama. Akainama zaidi. Akasimama wima akatutazama, kwanza Auma, kisha mimi.

"Watu wazima wawili," akasema. "Mnalinda buibui."

"Watatu," Auma akasema, "ukitusaidia."

Nilidhani atatufukuza. Alicheka kwanza, cheko refu la watu wa kwao, akawaita vijana wa mjengo waje waone watu wanaolipwa kuangalia buibui. Kisha akauliza swali ambalo nyinyi pia mnajiuliza: kwa nini tusikate tawi tukaenda nalo? Auma akamjibu kwa sauti ya chini. Tuliwahi kufanya hivyo Lavington. Tulikata tawi lenye kiota kwa uangalifu wote, tukaliweka kwenye chupa ya maji, kivulini. Usiku ule mama alishuka kwa uzi wake, akapotea. Asubuhi sisimizi walikuwa wamelifungua jani na kusafisha kila kitu. Ni mimi niliyelikuta. Auma hakuniita Bwana Mutua siku hiyo, kwa sababu wazo la kukata lilikuwa lake.

Wafula akajikuna kidevu. "Mvua imeisha, lazima nichimbe," akasema. "Mwingine hamwezi kupata?"

"Sio msimu huu. Na filamu inatakiwa msimu huu."

"Sikia, Madam. Mimi nitaanzia upande wa barabara. Nikifika hapa, nimefika. Sitakuwa na lingine la kusema."

Ndivyo tulivyoanza kufanya kazi huku shimo likitujia. Kila asubuhi tunakuta ukingo wake umesogea. Vumbi lilikuwa adui yetu; nilikuwa nashika mwavuli mkono mmoja na chupa ya kunyunyizia maji mkono mwingine, natuliza udongo kuzunguka mti kama mama mboga anayeburudisha sukuma wiki. Buibui hakutikisika. Tingatinga likinguruma, jani lilitetemeka, naye aliongeza tu kulikumbatia.

Na Wafula akaanza kuja. Mwanzoni alisema anakuja kupima mpaka wa ploti. Alipima mpaka huo kila asubuhi. Siku moja akaniuliza kando, kama mtu anayeuliza habari za mgonjwa, "Amekula?"

"Hali tena, Boss."

"Hata kitu kidogo? Nikimletea nzi?"

"Mletee."

Akaleta. Alikuwa amemkamata kwa kofi kwenye kibanda cha chakula, akamweka mbele ya buibui kwenye ncha ya kijiti. Buibui akamtazama yule nzi, akamtazama Wafula, akakunjua mikono yake. Wafula akaruka nyuma akamkanyaga mtu wa tingatinga.

"Amekataa," akasema, na nikaona ameumia kweli.

Kisha simu ya mkubwa wake ikaanza kulia. Mkubwa alikuwa mtu wa ofisini ambaye hatukuwahi kumwona, tukimsikia tu kwenye simu ya Wafula, ambayo sauti yake ilisikika hadi barabarani. Kwa nini kona ya nyuma haijachimbwa? Kuna shida gani? Wafula alikuwa amesimama karibu nasi. Akatazama mti, akatazama angani.

"Kuna nyoka, Boss," akasema.

Mimi na Auma tukaangaliana.

"Mkubwa sana. Ameingia chini ya waridi. Vijana wamekataa kusogea."

Alipokata simu alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Mungu anisamehe," akasema. "Mimi ni mzee wa kanisa."

Uongo ule ulikuwa mzuri kupita kiasi. Kufikia saa ya chakula vijana wa mjengo walikuwa wameusikia, na sasa walikataa kusogea kwa kweli. Mmoja aliapa amemwona nyoka mwenyewe, mweusi, unene wa mkono. Auma akajaribu kumweleza kwamba hakuna, akajibiwa, "Madam, wewe ulikuwa umeangalia buibui, ungemuonaje?" Na kesho yake, mkubwa wa ofisini akatuma mtu wa kukamata nyoka.

Alikuja mzee mmoja mpole, na gunia na fimbo yenye ncha ya ndoano. Wafula alitokwa na jasho. Yule mzee akauzunguka mti polepole, akapiga magoti, akaangalia mashimo, akaangalia udongo. Kisha akaiona kamera. Akaifuata lenzi kwa macho mpaka kwenye jani. Akamwona bibi aliyesinyaa, amekumbatia pindo lake.

"Ni huyu?" akauliza.

"Ni huyu," Auma akasema. "Tunahitaji siku chache tu."

Mzee akakaa chini. Akatazama kwa muda mrefu kuliko nilivyokuwa nimeona mgeni yeyote akitazama. Kisha akakunja gunia lake, akamwendea Wafula, na kwa sauti iliyofika mpaka kwa vijana wote akasema, "Yuko. Amejificha ndani sana. Msimchokoze, atatoka mwenyewe." Akaaga akaenda zake.

Basi tingatinga likachimba kuzunguka. Sijui kama mmewahi kuona kitu kama hicho: shimo kubwa la msingi, na katikati ya kona yake kipande cha ardhi kimebaki kimesimama kama kipande cha keki, na juu yake mti wa waridi, na kando ya mti watu wawili na mwavuli. Watu wa maofisini walitupiga picha kutoka madirishani. Wafula alitutengenezea daraja la mbao. Yule mama wa miguu minane alikuwa amebaki ngozi na miguu. Auma alikuwa amekonda naye. Alikuwa haondoki, hali chakula, anasema akienda msalani ndipo watoto watakapotoka.

Siku moja saa sita nikamwambia, "Madam, hata yeye alikula kabla ya kutaga. Twende Kenyatta Market, tule nyama, turudi." Akakataa. Wafula akasema, "Nenda, Madam. Mimi nitakaa." Na kweli akakaa juu ya ndoo yake, uso kwa jani, mikono magotini.

Nyama ndiyo kwanza inakatwa kwenye ubao, chumvi imemwagwa pembeni, nikiwa nimeshika kipande cha kwanza, simu ya Auma ikalia. Wafula alikuwa ananong'ona, kama mtu aliye ndani ya ibada.

"Madam, watu wako wanatoka."

Auma alisimama akaacha kila kitu. Mimi nilichukua kamera, stendi, na, kwa kuwa mimi ni mwanadamu, nyama kwenye karatasi. Tulipanda bodaboda mbili. Yake ilinipita kwenye mzunguko wa barabara, naye amekaa wima kama malkia, skafu inapepea nyuma. Nilimfikia akiwa ameshavuka daraja la mbao.

Tingatinga lilikuwa limezimwa. Hakuna aliyemwambia dereva alizime. Alikuwa amesimama kwenye ukingo na wenzake, na jiji lote likinguruma kando yetu kama kawaida. Kwenye jani palikuwa na tundu dogo, na kutoka tunduni wanatoka watoto, wadogo kuliko mbegu ya mtama, wa rangi ya maziwa, kila mmoja na mikono yake minne tayari imekunjuliwa kama ya mama. Walipanda mpaka ncha ya tawi. Pale ncha wakasimama kwa vidole, wakainua matumbo juu, wakaachia uzi hewani. Upepo ukashika uzi. Mtoto akaondoka. Mwingine. Mwingine. Jua likiwapiga ulikuwa unaona nyuzi tu, zinameta, zikipanda kando ya vioo vya majengo.

Auma alirekodi yote. Nilishika mwavuli. Sikukohoa.

"Na mama yao?" Wafula akauliza baadaye. "Mbona haangalii?"

Auma akamsogeza karibu. Buibui alikuwa mahali pake, miguu imelikumbatia jani, lakini alikuwa mkavu, mwepesi, amekwisha. Labda asubuhi ile, labda jana yake. Alikuwa bado ameshika. Wafula akasema neno moja kwa Kibukusu ambalo Auma hakulijua na mimi sikumuuliza. Kisha akawageukia vijana wake na sauti yake ya kawaida: "Haya, kazi! Nyoka ametoka!"

Wakashangilia. Tukaanza kufungasha vitu. Kofia ngumu ya njano ya Wafula ilikuwa imetundikwa kwenye tawi, akaichukua akaivaa, na dereva wa tingatinga akapiga kelele, "Boss, simama! Usitikisike!"

Kwenye ukingo wa kofia, juu kidogo ya jicho la kulia, mtoto mmoja alikuwa ametua. Alikuwa amekunjua mikono yake yote minne, mdogo kama chembe ya sukari, na alikuwa akimngojea nyuki.

Wafula hakuuliza kitu. Alianza kutembea. Alivuka daraja la mbao shingo imekakamaa, mikono ameitanua kushika usawa, akazunguka shimo lote polepole, vijana wanacheka wanampigia makofi, mmoja anamwimbia wimbo wa bwana harusi. Simu yake ikalia mfukoni, ile sauti ya ofisini; aliiacha ilie. Akafika kwenye ukuta wa jirani, ambako bugenvilia lilikuwa limejaa maua mpaka yanaangukia upande wetu, akapiga magoti, akainamisha kichwa ndani ya maua yale kama mtu anayebatizwa, na akakaa hivyo, mzee wa kanisa, kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akiuliza kwa sauti ya chini, "Ameshuka? Ameshuka? Angalieni vizuri."